Siku ya Mwisho Malham, Nilikwenda Kuiaga Njia

Siku ya mwisho ya likizo wengi wetu tunaimalizia kwenye mabegi na kutafuta zawadi. Mimi siafiki. Siku hiyo ni ya miguu, na miguu irudi kwenye njia iliyokwisha kuizoea. Njia mpya utaishangaa tu, ila ile unayoijua ndiyo utakayoweza kuiaga.

Tulikaa wiki moja Malham, kijiji cha nyumba za mawe huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mimi na dada yangu anayeishi Leeds. Jioni ya mwisho, mwishoni mwa Mei, nilikuwa nakunja nguo dada akaniambia, "Vaa viatu nikusindikize."

"Si naondoka kesho?"

"Kesho tutakuwa tunakimbizana na basi, mdogo wangu. Kusindikizana gani huko?"

Tukashika njia ya kijito kuelekea Janet's Foss, maporomoko madogo yaliyojificha kwenye miti. Msimu huo chini ya miti hujaa vitunguu saumu vya porini, vyenye maua meupe, na harufu yake inakupokea kabla hujasikia maji. Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu anapika. Tukapita Gordale, tukapanda malishoni mpaka juu ya Malham Cove, jabali la chokaa lenye kimo cha mita 80 hivi.

Juu pale pana sakafu ya mawe ambayo barafu ya zama za kale iliikwangua, kisha mvua ikaichimba mifereji kwa maelfu ya miaka. Nilipiga magoti nikachungulia ufa mmoja. Ndani yake, mkono mzima kwenda chini, mlikuwa na kangaga mbichi wa kijani, unaong'aa kwa unyevu, umejikinga na upepo na meno ya kondoo. Juu jiwe kavu, chini bustani. Nilikaa hapo mpaka dada akaniita mara ya pili.

Lakini uzuri wa mandhari si kitu kilichonishika zaidi. Kilichonishika ni kwamba karibu njia yote tuliyopita ilikuwa ndani ya mashamba ya watu. Unafika kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, unakuta vidato vya kupandia, na kwenye nguzo kuna mshale wa njano: njia ya waenda kwa miguu, pita. Kondoo ni wa mwenyewe, nyasi ni zake, ila kupita ni haki yako. Wajibu wako ni kufunga geti na kutosumbua mifugo.

Haki hiyo ilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, walipanda Kinder Scout, mlima uliofungwa kwa ajili ya wawindaji ndege, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani ilikuja mwaka 1949. Na siku kama ile ile ya Aprili, mwaka 1965, njia ndefu ya Pennine Way, kilomita 430 hivi, ilizinduliwa kwenye nyika za hapo hapo Malham. Ninachokipenda zaidi katika sheria zao ni hiki: watu wakipita mahali kwa miaka 20 waziwazi, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, njia huhesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwa na nia ya kuitoa. Nyayo zinakuwa ushahidi!

Nikamkumbusha dada njia yetu ya Muheza, ile ya kushukia mtoni kupitia kwenye michungwa ya jirani. Bibi aliipita maisha yake yote na ndoo kichwani. Sasa pana ukuta wenye vipande vya chupa juu, na watoto wanazunguka barabarani kwenye pikipiki. Shamba ni la mtu, sikatai. Ila miaka yote ile ya nyayo za bibi hakuna aliyeihesabu, na jambo hilo linaniuma kila nikienda nyumbani. Tungeweza kuanza kwa kuziandika njia zetu, kijiji kwa kijiji, wazee wangali hai wa kutuonyesha.

Tuliteremka ngazi za mawe, kama 400 hivi, polepole kwa ajili ya magoti ya dada. Jua halikuzama mpaka saa tatu usiku ikapita. Kwenye geti la mwisho dada alisimama, kama mama asimamavyo kwenye mwembe akimsindikiza mgeni.

"Mimi naishia hapa," akasema, ingawa nyumba tuliyopanga ilikuwa mbele yetu sote wawili.

Nikapita mimi kwanza. Nikamsikia nyuma yangu akirudisha komeo la geti.