Mnaicheka "run", na "piga" je?

Barazani hapa Mombasa, Kiingereza kikianza kusengenywa, shahidi wa kwanza kuletwa ni "run". Kitenzi gani hiki chenye maana 645? Hesabu hiyo si uzushi. Ilitolewa na Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford aliyekishughulikia kwa miezi tisa. Kabla yake bingwa alikuwa "set", iliyopewa maana 430 katika toleo la 1989.

Cheka ukitaka, lakini kwanza pita Marikiti asubuhi. Mwenye tuktuk anapiga honi, kondakta anapiga kelele, mama anapiga deki mlangoni kwake, fundi anapiga pasi kanzu, vijana wamekaa wanapiga soga. Wote hao wanapiga, na hakuna aliyeumia.

Kwa maoni yangu vitenzi hivi viwili vilinenepeshwa na chakula kimoja: mashine. Injini, saa, treni na baadaye programu za kompyuta zilihitaji kitenzi, Waingereza wakazitwika "run". Kwetu zilikuja chapa, picha, taipu, simu, hata eksirei, na zote tukazikabidhi "piga".

Tofauti iko kwenye mapambo. Kiingereza hubandika kineno baada ya kitenzi, ikawa "run out", "run into", "run over", kila moja na mambo yake. Sisi hugeuza mkia: pigia, pigana, pigisha, pigika. Ukiambiwa "nipigie", hata simu haitajwi. Hapo, kwa upendeleo wangu wote, nasema tumewashinda.

Na wenyewe hawapatani. Mtaka kura Marekani hu-"run", Uingereza hu-"stand". Sisi tuliotawaliwa na Waingereza husema fulani anasimama ubunge, ingawa kampeni nzima mguu hautulii.

Kinachoniudhi ni tuisheni zinazomkaririsha mtoto maana za "run" kama orodha ya dawa. Nani alifundishwa "piga" hivyo? Tuliambiwa piga mswaki, piga magoti, piga hodi kabla ya kuingia. Kitenzi kikaja kimeshikana mkono na mwenzake. Basi mtoto naye apewe "run a shop" nzima, "run a fever" nzima. Na sukari ikiisha nyumbani, atumwe dukani akishasema "we've run out of sugar". Hizo nyingine atakutana nazo njiani.