Shemeji Amtafuta Meya wa Sautee Nacoochee

Bafu la chini lilianza kukoroma asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Kila mtu wa juu akivuta maji ya choo, maji meusi yanachungulia kwenye tundu la bafu la chini, yanasikilizia kidogo, kisha yanarudi. Shemeji akatoka na taulo kiunoni akatangaza: "Napiga simu manispaa."

"Shemeji, hapa hakuna manispaa," nikamwambia.

Akacheka kama mtu aliyeambiwa wiki hii haina Ijumaa.

Tulikuwa Sautee Nacoochee, kaskazini mashariki mwa jimbo la Georgia, Marekani, kule vilima vinakoanza kujifunza kuwa milima ya Appalachia. Ukoo mzima ulikuwa umepanda kutoka Clarkston, pembeni ya Atlanta, watu ishirini kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Mahali penyewe ni mabonde mawili yaliyokutana. Posta ipo, tena ina namba yake, 30571. Duka la mwaka 1872 lipo. Daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1895, lipo, fupi kiasi kwamba Shemeji alilipita akiwa bado anauliza liko wapi. Njiani kuna kilima kilichojengwa kwa mikono na wenyeji wa asili. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi 75 ndani yake mwaka 1915. Juu yake kuna kibanda cheupe alichokiweka mwenye shamba mmoja wa karne ya 19, sijui kwa ruhusa ya marehemu yupi, na ng'ombe wanakula majani pembeni bila wasiwasi.

Kinachokosekana ni mji wenyewe. Kisheria Sautee Nacoochee ni jina tu: haina meya, haina diwani, haina mpaka. Ukiibiwa, unamwita sherifu wa kaunti ya White, anayechaguliwa kila baada ya miaka minne. Ukitaka kibali cha kujenga, unakwenda Cleveland, makao ya kaunti. Na nyumba nyingi za mabondeni, kama hiyo yetu, maji yake yanatoka kwenye kisima chake na uchafu wake unalala kwenye karo lake, yaani tangi la maji taka lililofukiwa chini ya bustani yake.

Shemeji hakukubali. Akaandika kwenye simu "ofisi ya mji", simu ikampeleka Helen, mwendo wa dakika chache. Helen ni mji kweli, una meya na kila kitu, ila tangu 1969 umejivalisha sura ya vijiji vya Bavaria, kule Ujerumani, ili kuvuta watalii. Shemeji hakujua hilo. Akamkuta mzee mmoja kavaa kaptula ya ngozi, soksi hadi magotini na kofia yenye unyoya, kashika kodiani. Akaona hiyo ndiyo sare ya afya na usafi. Akamweleza habari za bafu kwa kirefu, na ishara za mikono. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia wimbo.

Huku nyumbani mimi, ninayekula kwa kazi ya mabomba, nilikuwa nabembeleza. "Mama, shikamoo, tafadhali, hata kikombe kisioshwe." Mama mkwe akaniangalia, akaangalia sufuria ya pilau, akafungua bomba.

Hesabu yenyewe haina huruma. Georgia hupimia karo kwa vyumba vya kulala, si kwa ukoo: kila chumba galoni 150 kwa siku. Vyumba vitatu ni galoni 450, kama lita 1,700. Tangi la nyumba kama ile ni galoni 1,000, karibu lita 3,800, kwa hiyo maji hukaa humo zaidi ya siku mbili. Muda huo ndio kazi yenyewe. Tope linazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanapita kwenye chujio la mlango wa kutokea na kwenda kwenye mitaro ya changarawe iliyofukiwa. Sasa watu ishirini, kila mmoja lita 190 tu, ni tangi zima kwa siku moja. Hakuna kinachopata nafasi ya kuzama. Taka zinakimbilia kwenye chujio, chujio linaziba, maji yanapanda na kutafuta tundu la chini kuliko yote nyumbani. Ongeza udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao hunywa maji polepole hata siku ya jua.

Mtoto wa dada alitaka kung'oa chujio kwa mkono. Nikamshika shati. Karo likiwa limejaa, ukilitoa chujio kabla ya kunyonya, tope lote linaingia kwenye mitaro, na hapo hununui chujio, unachimba bustani. Tena usiiname juu ya mfuniko wala kuwasha sigara: gesi ya humo inalevya na inawaka. Unafunga maji, unasubiri lori linyonye, ndipo unavuta chujio na kulisuuza kwa mpira, maji yake yakirudi upande wa kuingilia.

Lori likafika mchana, Shemeji nyuma yake. Dereva akanyonya, akavuta chujio, akasimama. Lilikuwa limevaa koti jeupe.

"Hii ni nini?"

Wanawake wote wakaangalia milima. Yalikuwa machicha ya nazi, ya wali wa juzi na maharage ya jana, yamepitishwa kwenye sinki na kugandishwa na mafuta ya sambusa.

"Nazi," nikasema.

Dereva akasema amefungua makaro ya bonde zima na hajawahi kuliona hilo. Akapiga picha mbili.

Shemeji akalipa kwa heshima zote, akadai risiti yenye muhuri wa mji. Dereva akapekua mifuko, akakosa muhuri, akampa kalenda ya ukutani yenye picha ya lori.