Mtaa Usiopigwa Hodi

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Barking, mashariki mwa London, akalala siku mbili. Jioni ya pili alisimama dirishani akaitazama barabara yetu: nyumba zimepangana, taa zinawaka, hakuna mtu nje, hakuna redio, hakuna sauti ya mtoto. Akageuka akaniuliza, "Dada, hapa mnaishi au mmezikwa?"

Swali hilo nimelisikia kwa ndugu zangu wa Tanga, na nimelisikia kwa wenzetu walioletwa huku Surrey na kazi za kea, yaani za kuwahudumia wazee na wagonjwa. Wengi wao wana jibu mkononi: Waingereza wa mitaa hii ya pembezoni mwa London wana roho kavu, wanajifungia, mtu anaweza kufa jirani asijue. Nakaa Woking, mji wa hapahapa Surrey, mwaka wa tisa sasa, na jibu hilo silikubali. Kimya kipo, tena kizito. Ila tunakisingizia mioyo ya watu wakati kilichokizaa ni reli.

Mdogo wangu, bila kujua, aligusa historia ya mji wenyewe. Woking ya leo imeota kwenye ardhi ya kampuni ya maziko. Makaburi ya London yalikuwa yamefurika, na mwaka 1852 Bunge likaidhinisha kampuni iliyonunua ekari zaidi ya 2,000 za pori la huku. Mwaka 1854 makaburi ya Brookwood yakafunguliwa, na treni maalumu ikawa inawaleta maiti na wafiwa kutoka Waterloo, katikati ya London. Tiketi ya jeneza ilikuwa ya kwenda tu. Ardhi ambayo haikuhitajika kwa maziko iliuzwa vipande vipande, na mji ukajengwa kuizunguka stesheni. Treni ile ilikoma baada ya stesheni yake ya London kupigwa mabomu mwaka 1941. Ya walio hai ndiyo iliyobaki, nayo ndiyo inayoutawala mji.

Treni ya haraka hutoka Woking ikafika stesheni ya Waterloo kwa dakika kama 25. Dakika hizo ndizo zinazotajwa kwenye kila tangazo la nyumba, na watu hununua kwa kuzitazama hizo. Mimi nataka tuzihesabu na zile zisizotajwa. Robo saa kutembea hadi stesheni. Dakika kumi za akiba, maana ukiikosa treni yako siku nzima inapinda. Dakika 25 ndani ya treni, mara nyingi kwa kusimama. Dakika nyingine 25 kutoka Waterloo hadi mlangoni mwa ofisi. Jumla saa moja na robo. Kwenda na kurudi, saa mbili na nusu. Kwa siku tano, saa 12 na nusu. Kwa wiki 46 za kazi, saa 575, yaani siku 24 kamili, mchana na usiku wake, kila mwaka. Februari nzima kasoro siku nne, mtu ameitumia kutazama mgongo wa mwenzake. Na kwa haki hiyo hulipa kama pauni 4,000 za tiketi ya mwaka.

Sasa mtazame mtu huyo mwezi Desemba, jua linapozama kabla ya saa 10 jioni. Anatoka nyumbani saa 12:45 asubuhi, giza. Anarudi saa 1:30 usiku, giza. Watoto wameshakula. Tunamdai nini? Baraza tunayoikumbuka sisi watu wa pwani ni kiti cha mtu mwenye alasiri yake, na huyu alasiri yake ameiuza. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuelewa. Muulize mkazi wa Chanika anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi Posta, anayerudi usiku amebanwa kwenye daladala, jirani yake wa nyumba ya tatu anaitwa nani. Atakwambia hamjui, na hakuna atakayesema watu wa Dar es Salaam wana roho kavu. Tutasema foleni.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni ule ulioletwa na korona. Sensa ya Uingereza na Wales ilifanyika Machi 21, 2021, na asilimia 31 ya wenye kazi walikuwa wanafanyia nyumbani. Ulikuwa wakati wa vizuizi, kwa hiyo takwimu hiyo si ya kawaida, lakini mambo hayakurudi yote yalikokuwa. Juni mwaka huohuo kampuni za treni zilianza kuuza tiketi ya siku nane ndani ya siku 28, kwa sababu abiria wa siku tano walikuwa wamepungua. Siku hizi wengi wa mtaani kwetu huenda London Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa barabara yetu ni nyingine kabisa. Watu wanatembeza mbwa mchana, wanasimama getini, wanaulizana habari za mama aliyelazwa. Ni watu walewale, hawakubadilishiwa mioyo. Walirudishiwa saa zao, wakaanza kusemeshana.

Na hata kabla ya hapo ujirani ulikuwepo, sisi ndio tulikuwa tunautafuta mlangoni. Hapa hodi haipigwi. Kwa miaka mitatu jirani wangu wa mbele tulikuwa tunapeana salamu fupi basi, na nilimhesabu kuwa mmoja wa wale wale. Kumbe mapipa yangu ya taka, ambayo niliyakuta yamerudishwa uani kila nilipotoka zamu ya usiku, ni yeye aliyekuwa anayarudisha. Vifurushi vyangu anavipokea yeye. Usiku gari la wagonjwa lilipokuja kunichukua, hakutoka nje kunikodolea macho. Kesho yake nilikuta kikaratasi kimetumbukizwa kwenye tundu la barua, kina namba yake ya simu na maneno mawili: wakati wowote. Kwetu angeingia hadi chumbani na uji. Huku heshima kubwa ni kutokumwingilia mtu, na msaada hupitishwa pembeni. Ilinichukua muda kujifunza kuusoma.

Mahali pengine pa kuusoma ni makondeni. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kuwapa wakazi vipande vya ardhi vya kulima pale wanapohitaji, na vipo hadi leo nyuma ya reli na kando ya viwanja. Nimelima mchicha na maboga hapo. Sijaona mahali Mwingereza anapozungumza kwa kirefu na mtu asiyemjua kama kwenye tuta la mboga.

Lakini wanaolalamika si waongo, na siwezi kuyafunika wanayoyasema. Upweke upo. Januari 2018 serikali ya Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo ambaye jimbo lake lilikuwa Maidenhead, mji wa wapanda treni kama wetu, iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Na kimya hiki kina ulinzi wa serikali: tangu miaka ya 1950 ukanda wa kijani unaoizunguka London umezuia ujenzi, mashamba yamebaki mashamba, na bei za nyumba zimepaa hadi vijana waliozaliwa hapa wanahama. Anayeufurahia utulivu anafaidika pia na kukosa kwa wale ambao hawakupata pa kujenga. Mimi ni mmoja wa wanaoufurahia, na neno hilo linanikaa rohoni.

Kinachoniuma zaidi ni basi. Sheria ya usafiri ya mwaka 1985 iliyaachia mabasi ya nje ya London yaendeshwe kama biashara. London peke yake ndiyo iliyobaki na mamlaka ya kupanga njia na saa. Kwa hiyo mdogo wangu kule Barking anapanda basi usiku wa manane. Huku kampuni haipeleki basi mahali pasipo abiria wa kutosha, na njia nyingi zinafungwa mapema jioni. Mwenye gari hajui hata kwamba basi limekoma. Kea wetu anajua. Nyumba za wazee zimejengwa pembeni, penye miti, palipo tulivu zaidi, na zamu inaisha usiku. Leseni ya Tanzania inamruhusu kuendesha miezi 12 tu, baada ya hapo lazima afaulu mtihani wa hapa, na gari lenyewe bado hana. Utulivu uleule unaompumzisha aliyeshuka treni unamfungia huyu kama ua. Akisema watu wa hapa wabaya, mimi namsikia akisema saa 4 usiku hakuna basi.

Na hilo, tofauti na tabia za watu, linarekebishika. Manchester na vitongoji vyake walianza kuyarudisha mabasi chini ya mamlaka ya umma Septemba 2023, na kufikia Januari 2025 walikuwa wameyarudisha yote. Wabunge wa huku wanaombwa kura kwa hoja za treni na ukanda wa kijani. Sijawahi kupata karatasi ya kampeni mlangoni pangu inayozungumzia basi la usiku.

Binti mmoja wa Morogoro ninayemfahamu anamaliza zamu saa 4 usiku, kwenye nyumba ya wazee iliyo mwendo wa dakika 50 kutoka anakolala, na sehemu kubwa ya barabara haina taa. Jirani yangu wa mbele aliposikia habari zake hakusema kitu. Sasa kila Jumatatu na Ijumaa, siku asizokwenda London, humfuata kwa gari. Siku nyingine anatembea.