Hatari ya MRI ni chuma, si mionzi
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili, humpitishia mgonjwa mionzi kama ile ya eksirei, na hapo mwandishi ameteleza, maana mashine hiyo hutumia sumaku, aghalabu ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), pamoja na mawimbi ya redio yanayoamsha viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwilini. Cha kuogopwa zaidi ni chuma, kwa kuwa kwa kawaida sumaku hiyo haizimwi hata chumba kikiwa kitupu. Nilipopimwa uti wa mgongo, mhudumu aliniuliza mara tatu kama nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kipande cha chuma jichoni, akanitaka nitoe hata vibanio vya nywele, ndipo akaniziba masikio kwa sababu ya kelele za mashine. Je, wenzangu mliopimwa, nanyi mliulizwa hivyo?