Kofia ya chuma na jina la mwenyewe

Helmeti ya M1, ile ya wanajeshi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, si adimu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 20. Kinachoifanya igombaniwe ni alama iliyopakwa rangi kwa ndani: herufi ya kwanza ya jina la ukoo, kisha tarakimu nne za mwisho za namba ya jeshi. Alama hiyo ikionekana, bei hupaa, maana sasa kofia ina mwenyewe.

Wakusanyaji wana hoja nzito. Wengi wao hununua vitu ambavyo vingeishia kwenye chuma chakavu au kupandwa maua uani. Wenye subira hulinganisha alama na orodha za vikosi, na wakati mwingine humfikia mjukuu asiyejua babu yake alipigana wapi. Makumbusho hayana watu wa kufanya kazi hiyo kwa kila kofia.

Lakini hebu tupige hesabu. Herufi 26 na tarakimu nne zinatoa alama 260,000 tu, ilhali jeshi la nchi kavu la Marekani lilipitisha watu zaidi ya milioni 11. Kwa wastani, alama moja ina wenyewe zaidi ya 40. Muuzaji atamchagua nani? Atamwacha karani wa bohari, amchukue aliyeruka na parachuti Normandy, Ufaransa! Kuhakiki nako ni shida, kwani moto wa 1973 kule St. Louis, Marekani, uliteketeza mafaili ya wanajeshi yapatayo milioni 16 hadi 18. Na kughushi kunataka brashi tu na rangi nyeusi.

Kwa hiyo mimi sipingi ukusanyaji. Napinga kulipia jina lisilo na ushahidi. Kama hakuna karatasi inayoiunganisha kofia na mtu mmoja, ilipiwe kama kofia nyingine yoyote.

Kwa askari wetu soko hili lina upofu mwingine. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Soko linalothamini majina litawauza hawa kama mapambo. Ndiyo maana kofia ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) ikipatikana na namba, hata iliyofifia, ipigwe picha ndani na nje, na nakala ipelekwe kwenye nyaraka za taifa kabla haijauzwa.