Mazishi ya Marehemu Seli

Mimi ni fundi wa redio, chaja na chochote chenye waya. Kibanda changu kiko Tanga, Ngamiani, Barabara ya 9. Nina mita mbili za kupimia umeme, na hazipikiki chungu kimoja. Siku moja kijana wa bajaji aliniletea betri yake. Mita nyekundu ikasema 12.4, ya njano ikasema 12.9. Yaani moja yasema betri imeanza kuchoka, mwenzake yasema imeshiba. Kijana akazitazama, akanitazama na mimi. "Fundi, niamini ipi?"

Nikamwambia aiache betri, arudi baadaye. Fundi akikosa jibu ndivyo asemavyo.

Wiki hiyohiyo nikapita kwa muuza skrepa mmoja huko Mabawa, nikaona sanduku la mbao lenye urefu wa mkono, kiwiko hadi vidole. Kibati chake kimeandikwa Weston, volti 1.0186, nyuzijoto 20. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Chuoni tulizisoma hizi seli, ila kuziona kwa macho ilikuwa ndoto. Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, alizibuni mwaka 1893, na tangu 1911 hadi 1990 ndizo zilizokuwa kipimo cha volti duniani. Enzi hizo maabara ikitaka kujua mita yake haisemi uongo, ilikuwa ikiiuliza seli. Ndani mna kioo chenye umbo la herufi H: mguu mmoja una zebaki, wa pili una kadimi iliyochanganywa na zebaki, na maji ya chumvi ya kadimi yameunganisha. Sanduku langu lilikuwa na seli nne.

Muuzaji alikwisha shika nyundo. Alitaka kuvivunja vioo, zebaki awauzie wachimba dhahabu wa Handeni. Nikamtolea elfu 40 bila kuvutana bei, habari ambayo mke wangu hanayo mpaka leo na naomba msimpelekee.

Seli hizi zina miiko kama mwari. Hazilazwi, hazitikiswi, hazipigwi jua, maana joto likipanda volti inashuka. Mwiko mkubwa kuliko yote: si betri! Ukizichota umeme, hata tone, zinanuna siku kadhaa. Kwa barabara zetu, bodaboda ilikuwa nje ya mjadala. Nikaazima shuka la kulifunika sanduku dhidi ya jua, nikalibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua, hatua ndogondogo, macho chini.

Shuka lenyewe lilikuwa jeupe.

Wa kwanza kuinuka ni mama muuza vitumbua, akajitanda kanga kichwani. Waendesha baiskeli wakashuka. Kufika kwenye baraza moja ya kahawa, wazee watatu wakaweka vikombe chini, wakavaa kandambili, wakanifuata nyuma kimyakimya. Mmoja akasogea.

"Pole sana, mwanangu. Nani huyu?"

Nilikuwa nimebana pumzi nisije nikaliinamisha sanduku. Nikajitahidi kutoa neno moja tu: "Seli."

"Innalillahi," akasema mzee. "Mungu amrehemu Seli. Wa miaka mingapi?"

Hapo nikakosea zaidi, kwa sababu nilijibu kweli: "Hamsini na kitu."

Mzee akalitazama sanduku, akanitazama mimi. Sijui alifikiria nini juu ya udogo wa marehemu, ila adabu ya watu wa Tanga haikumruhusu kuuliza. Akajitolea kupokezana nami, apate thawabu. Nikamkatalia kwa kichwa, akasema wenzake wasinisumbue, nina uchungu. Tulipofika kibandani tulikuwa watu kumi na wanne. Nilipofunua shuka na kuwaeleza, hakuna aliyecheka. Mzee alisema tu, "Basi siku ya kulipima tuite." Naona alitaka fidia ya mwendo.

Nikaliacha sanduku litulie wiki nzima. Siku ya siku wakaja wote, na kijana wa bajaji. Nikawapa darasa. Nikawaambia mtu asiguse, kwamba seli hii hujulikana hadi desimali ya sita. Mita zangu zinaishia ya tatu, kwa hiyo nilikuwa kama mtu anayepima unga wa chapati kwa mizani ya sonara, lakini hilo sikulisema.

Nikashika mita ya njano, nikagusa seli ya kwanza. 0.000. Nikakandamiza zaidi, nikakuna vituo kwa ncha ya pini, nikasubiri. 0.000. "Hii imekufa," nikatangaza kwa sauti ya daktari. Seli ya pili, 0.000. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo, na kila moja nikiibana kama dakika nzima kwa umakini mkubwa.

"Fundi," akasema kijana wa bajaji, "mbona waya mwekundu uko tundu lile ulilopimia mkondo wa bajaji yangu asubuhi?"

Tundu la ampea kumi. Ndani yake hakuna kizuizi cha maana. Kuunga seli hapo ni sawa na kuunga kipande cha waya mtupu. Miiko niliyowasomea kwa nusu saa, nilikuwa nimeivunja mara nne mfululizo, mbele ya mashahidi kumi na wanne. Nikahamisha waya. Seli ya kwanza ikasoma 0.63, ikaanza kupanda kwa kujikongoja kama mgonjwa anayetafuta ukuta.

Kimya. Mzee akaenda kuketi kwenye benchi.

"Kumbe siku ile hatukukosea," akasema. "Tuliwahi tu."

Akaagiza kahawa, kwa hesabu yangu. Matanga, akasema, ni siku tatu, na kweli walikuja siku zote tatu. Siku ya tatu nikapima tena, waya ukiwa tundu lake, watu watano wakiukagua. Mita nyekundu: 0.991. Ya njano: 1.032.

"Sasa," akauliza kijana wa bajaji, "mwongo ni nyekundu, njano, au marehemu?"

Nikamwambia aiache betri, arudi baadaye.