Kiingilio cha Mbudya, na hilo tumbawe juu ya meza ya TV

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mbeya tulienda Dar, siku moja tukavuka na boti kutoka Kunduchi mpaka kisiwa cha Mbudya, tukaogelea, tukala samaki wa kuchoma chini ya makuti. Tangu turudi malalamiko hayaishi: kwa nini tulipishwe kiingilio, bahari si ya Mungu? Na kwa nini tukatazwe hata kuokota kombe moja la kuwapelekea watoto?

Hoja wanayo, lazima niseme. Mtu wa Uyole amejibana miezi kibao, amekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800, kalipa malazi, kalipa boti, halafu anafika anadaiwa tena hela na kupewa masharti. Na hakuna aliyetueleza sababu, tuliambiwa tu usiguse hiki, usikanyage kile, mtu mzima akiambiwa hivyo anaona ananyanyaswa. Wavuvi wa kule nao walikuwa wakivua pale miaka na miaka kabla Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini havijatangazwa hifadhi mwaka 1975.

Ila jamani, tukipita Mikumi kila mtu kwenye basi anajua ukigonga mnyama unalipa faini, vibao viko pale barabarani, na sijawahi kusikia abiria akisema twiga ni wa Mungu tuachiwe. Sasa tumbawe nalo ni mnyama. Sio jiwe. Ni wanyama wadogo wadogo wengi wamejenga nyumba moja ya chokaa na wanaishi juu juu kwenye ngozi nyembamba sana, ukiweka kisigino pale umewachubua.

Hili ndilo linaniumiza. Yale matumbawe ya mviringo yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, mengine hata hiyo haifiki. Yaani lile bonge la ukubwa wa mpira ambalo mwenzetu alipanda juu yake apigwe picha lina miaka kumi na zaidi, na linalokufika magotini, nusu mita hivi, limeanza kukua karibu na huo huo mwaka 1975 kisiwa kilipotangazwa hifadhi. Nusu karne, na sisi tumekaa pale masaa manne! Halafu ndio hayo hayo yaliyobaki baada ya mabomu ya wavuvi haramu, na baada ya mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Changu tuliyemla pale ufukweni naye huwa anakaa kwenye matumbawe na kutafuta chakula humo.

Mmoja wetu alivunja kitawi akakificha kwenye begi. Nimekiona kwake, mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya, kiko juu ya meza ya TV pembeni ya maua ya plastiki, ndani ya maji kilikuwa na rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, sasa kimekuwa cheupe kama chaki na ukikigusa kinakuachia unga kidoleni. Watoto wake wanajua baba kaleta jiwe la baharini.

Kwa hiyo kiingilio mimi nakitetea. Mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na doria ya kufukuza watu wa mabomu inahitaji boti na mafuta. Wanaotaka kisiwa kifungwe kabisa sikubaliani nao hata kidogo, maana mimi mwenyewe nisingevaa ile miwani ya kuogelea nikachungulia chini ningebaki naita mawe tu. Wanachokosea wahusika ni kupokea hela bila maelezo, dakika tano pale mchangani zingetosha.

Desemba kikundi kinaenda tena. Nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi ya kuongea tukiwa ndani ya basi, tukifika kwenye vile vibao vya Mikumi, na yule jamaa wa Soweto kakubali kuja na kile kitawi chake.